Mchezo Ndani ya Mtambo wa Masomo

Watu wengi wanapotaja michezo ya kompyuta hudhani kwamba ilizaliwa katika kumbi za starehe, mahali ambapo kijana hutumbukiza sarafu katika kisanduku ili apate dakika chache za furaha. Hudhani kadhalika kwamba baadaye walimu, walipoona nguvu yake ya kuwavuta watoto, waliiazima wakatia masomo ndani yake kama mama atiavyo dawa chungu katika uji. Hadithi hiyo ni nyepesi kusimulia, lakini miaka yake imepinduliwa. Kisanduku cha sarafu kilichofungua biashara hiyo, kwa jina Computer Space, kilitoka Marekani mwaka 1971. Wakati huo mchezo wa kompyuta ulikuwa umekwisha kuishi zaidi ya miaka kumi, na miaka hiyo yote uliishi katika maabara na vyuo vikuu. Haukwenda shuleni kama mgeni. Shule ndiyo iliyokuwa nyumba yake.

Neno hili si la kujivunia wala la kuwatetea wachezaji. Nalileta kwa sababu hukumu zetu juu ya michezo hii, za kuisifu na za kuilaani, hutegemea asili tunayoidhani. Anayeamini kwamba mchezo ni mgeni wa darasani huuliza tu kama mgeni huyo afukuzwe au akaribishwe. Anayejua kwamba ulilelewa humo huwa na swali gumu zaidi: mchezo ulipokuwa darasani, ulikuwa ukifundisha nini hasa, na nani aliyekuwa akiufundisha?

Mambo ya mwanzo kabisa yaweza kupitwa upesi. Mwaka 1958 mwanafizikia William Higinbotham, wa maabara ya Brookhaven karibu na New York, alitengeneza mchezo wa tenisi katika kioo kidogo cha kupimia mawimbi ya umeme, ili wageni wa maabara wasichoke kutazama vyombo visivyotikisika. Mwaka 1962 vijana wa chuo cha MIT, wakiongozwa na Steve Russell, walimaliza mchezo wa vita vya vyombo viwili vya angani, navyo vikizunguka nyota yenye nguvu ya kuvuta. Waliuita Spacewar. Ulipelekwa kutoka chuo hadi chuo bila ya bei, maana hapakuwa na mtu aliyefikiri kwamba kitu cha namna hiyo chaweza kuuzwa. Tarehe 19 Oktoba 1972, katika maabara ya akili bandia ya Chuo Kikuu cha Stanford, yakafanyika mashindano ya mchezo huo mbele ya watazamaji, bia ikinywewa, na mwandishi wa gazeti akiandika. Bruce Baumgart alishinda pambano la watu watano, na tuzo yake ilikuwa kupelekewa gazeti la Rolling Stone kwa muda wa mwaka mmoja. Wanaohesabu leo mamilioni ya dola yanayogawanywa katika mashindano ya kompyuta wangefaa kuikumbuka tuzo hiyo.

Lakini mahali ambapo mchezo na somo vilikaa chini ya paa moja kwa muda mrefu, vikigombana na kupatana kama ndugu, palikuwa Chuo Kikuu cha Illinois. Huko mwaka 1960 mhandisi Donald Bitzer na wenzake walianza kutengeneza mtambo wa kufundishia, wakaupa jina la PLATO, linalomkumbusha msomaji yule mwanafalsafa wa Kiyunani. Nia yao ilikuwa wazi: mwanafunzi akae mbele ya kioo, mtambo umwonyeshe somo, umwulize swali, upokee jibu, na umrudishe nyuma au umpeleke mbele kwa kadiri ya kufahamu kwake. Mtambo wa kwanza ulihudumia mwanafunzi mmoja tu kwa wakati mmoja. Mwaka 1964 Bitzer, pamoja na Gene Slottow na mwanafunzi wao Robert Willson, walivumbua kioo bapa cha gesi kilichotoa nuru ya rangi ya chungwa. Baada ya mwaka 1972 vioo hivyo vilienea katika vyuo na shule nyingi za Marekani, vikiungwa kwa nyaya na kompyuta kubwa. Katikati ya miaka ya 1970 vilikuwa vimekaribia elfu moja. Gharama zilibebwa kwa sehemu kubwa na fedha za serikali, nazo zilitolewa kwa ajili ya elimu wala si kwa ajili ya kitu kingine.

Hapa pana jambo dogo la lugha ambalo kwangu lina uzito kuliko habari nyingi za mitambo. Katika PLATO kila programu iliitwa somo. Hesabu ya kugawanya iliitwa somo, mafunzo ya kemia yaliitwa somo, na mwanafunzi alipokesha akitunga mchezo wa kupigana na majini ndani ya pango, mtambo uliuandika mchezo huo katika daftari lake kuwa somo, kwa kuwa haukujua jina jingine la kuupa. Mwaka 1975 Rusty Rutherford alificha mchezo wake wa pango katika nafasi iliyokuwa imetengwa kwa kazi nyingine, chini ya jina la pedit5, ambalo halikuonyesha dalili yoyote ya mchezo. Wasimamizi waliugundua wakaufuta, lakini wachezaji walikuwa wamekwisha kuupenda, na haukuchukua muda michezo mingine ya jamii hiyo ikatungwa. Kufuta somo moja ilikuwa kazi rahisi. Kuwazuia waliojifunza kutunga masomo wasitunge mengine ilikuwa shughuli ya namna nyingine kabisa.

Mashuhuri kuliko yote ulikuwa Empire, ulioanzwa mwaka 1973 na John Daleske, mwanafunzi wa chuo kikuu cha jimbo la Iowa. Katika sura zake za baadaye watu hadi thelathini, kila mmoja mbele ya kioo chake, pengine mmoja Iowa na mwingine Illinois, waliongoza vyombo vya vita katika anga moja, wakiungana katika makundi, wakipelekeana ujumbe, wakisalitiana na kulipizana kisasi. Leo mamilioni ya vijana hufanya hivyo kila usiku bila ya kustaajabu. Wakati ule halikuwa jambo la kawaida mahali popote duniani.

Tazama sasa namna ya kucheza kwake. Mchezaji hakuwa na usukani wala kishikio. Alipotaka kugeuza chombo au kufyatua kombora alipaswa kuandika pembe kwa tarakimu: digrii 90 kwenda juu, digrii 180 kwenda kushoto, na kadhalika. Adui alikuwa akitembea, basi pembe ilipaswa kukisiwa mapema, mahali atakapokuwapo na si mahali alipo. Aliyekisia vibaya alikufa. Kijana aliyekaa na Empire kwa majuma machache alizifahamu digrii za duara kama mvuvi afahamuvyo pepo za msimu, na hapakuwa na mwalimu aliyemfundisha, wala mtihani, wala hata nia ya mtungaji kwamba ajifunze. Alijifunza kwa sababu ushindi ulimdai. Na mambo ambayo ushindi haukuyadai, kwa mfano kuthibitisha kwa maneno kwa nini pembe fulani ni sahihi, hakujifunza hata kidogo.

Kwa maoni yangu huo ndio ufunguo wa jambo hili lote. Mchezo humfundisha mchezaji yale ambayo ushindi wake unayadai, na humwacha mtupu katika yale usiyoyadai, hata kama mtungaji ameyaandika kwa herufi kubwa katika utangulizi. Wazee wanaocheza bao hujua kuhesabu kete mashimo mengi mbele kabla ya kuzigusa, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba wamo katika darasa la hesabu.

Ushahidi ulio bora haukutoka katika mchezo wa vita, bali katika mchezo mpole wa hesabu uliotungwa kwa ajili ya mtambo uleule wa PLATO na Bonnie Anderson, aliyejulikana baadaye kwa jina la Bonnie Seiler. Jina lake lilikuwa How the West Was Won. Wachezaji wawili hushindana kufika mwisho wa njia, mmoja kwa gari la farasi na mwingine kwa gari moshi. Kila zamu mtambo hutoa namba tatu. Mchezaji huziunga kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha au kugawanya, naye huenda hatua sawasawa na jawabu lake. Njiani mna miji, mmoja kila baada ya hatua kumi, na anayetua juu ya mji hurushwa hadi mji unaofuata. Mna pia njia za mkato, na anayemwangukia mpinzani wake humrudisha nyuma.

Chukua mfano. Mchezaji yupo hatua ya 23, na namba zake ni 1, 2 na 4. Akijumlisha 1 na 2 kisha akazidisha kwa 4, apata 12, na kufika hatua ya 35. Lakini akizidisha 2 kwa 4 na kutoa 1, apata 7 tu. Hatua saba humfikisha 30, na 30 ni mji, basi hurushwa hadi 40. Jawabu dogo limeshinda jawabu kubwa. Ili kuliona hilo mtoto hana budi kujaribu njia nyingi za kuunga namba zilezile, na kujaribu huko ndiko alikokukusudia mtungaji.

Katika miaka ya 1970 wachunguzi wawili, John Seely Brown na Richard Burton, waliwatazama wanafunzi wakicheza. Waliona kwamba wengi huridhika na desturi moja: jumlisha namba mbili zilizo ndogo, kisha zidisha kwa ile kubwa. Desturi hiyo haikosi kumpeleka mtu mbele, na dhidi ya mpinzani aliye dhaifu yatosha. Mtoto aweza kucheza mara hamsini, akafurahi, akashinda, na asiwahi kugawanya hata mara moja. Kwa mtu anayetazama kutoka mlangoni, darasa hilo lingeonekana kuwa pepo ya elimu: watoto wametulia, macho yao yang'aa, na kila mmoja anafanya hesabu. Kumbe wanafanya hesabu ileile.

Brown na Burton hawakusema kwamba mchezo utupwe. Walitunga programu ya pili ikae nyuma ya mchezo kama mwalimu wa mazoezi. Kila mchezaji alipocheza, mwalimu huyu alilinganisha alichofanya na yale ambayo angeweza kufanya, akakisia ni jambo gani halijui au halitumii. Kisha alinyamaza. Masharti ya kunyamaza kwake ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi katika kazi yao: asiseme katika zamu mbili zinazofuatana, asiseme ila pale ambapo njia iliyoachwa ni bora sana kuliko iliyochukuliwa, na mchezaji akikaribia kushindwa, asimkatize ila kwa shauri litakalomwokoa. Masharti hayo yametungwa na watu waliowahi kuudhiwa na walimu wenye maneno mengi. Lakini msomaji aone jambo lililo chini yake. Baada ya ujuzi wote wa mtungaji, bado alihitajika mtu, au mfano wa mtu, wa kumwambia mtoto kwamba kushinda kwake hakutoshi.

Wakati PLATO ilipokuwa ikikua Illinois, katika jimbo la Minnesota kulitokea mchezo wa shule uliopata umaarufu kuliko mwingine wowote. Mwaka 1971 Don Rawitsch, mwanafunzi wa ualimu aliyekuwa akifundisha historia katika shule moja ya Minneapolis, alikusudia kuwafundisha watoto safari ya walowezi wa karne ya 19 waliosafiri kwa magari ya ng'ombe kwenda Oregon. Alianza kwa ramani ya karatasi na dadu. Wenzake aliokaa nao, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, walimu wanafunzi wa hesabu, walimshauri atumie kompyuta, na kwa muda wa majuma mawili hivi The Oregon Trail ikawa tayari. Hapakuwa na kioo. Maneno yalipigwa chapa juu ya karatasi, na watoto walijipanga mbele ya mashine moja. Kipindi chake kilipokwisha Rawitsch aliifuta kompyutani, akabaki na maandishi yake karatasini. Mwaka 1974, alipoajiriwa na MECC, shirika la jimbo lililosimamia kompyuta za shule, aliyaandika tena. Mara hii alisoma shajara za wasafiri wa zamani ili ugonjwa, mvua na wizi vitokee katika mchezo kwa kadiri vilivyotokea njiani. Ni wanahistoria wachache waliowahi kutumia shajara kwa uangalifu wa namna hiyo kwa ajili ya watoto wa shule.

Na ushindi wa mchezo huo ulidai nini? Ulidai kugawa fedha kati ya ng'ombe, chakula, nguo na risasi, na kujua kwamba anayejinyima mwanzo wa safari hulipa milimani. Hilo ni somo la kweli. Ulidai pia kuwinda, na kuwinda kulifanywa kwa kupiga chapa neno moja upesi iwezekanavyo, basi mwindaji hodari alikuwa yule mwenye vidole vyepesi. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo ushindi haukulidai hata mara moja: kuuliza nchi ile iliyopitwa ilikuwa ya nani. Mchezaji alikuwa mlowezi siku zote, na kufika ndiko kushinda. Watu wa asili wa nchi ile walitokea njiani, wakapita. Shajara zilisomwa kwa uaminifu, lakini ni shajara za waliokuwa wamekaa ndani ya gari.

MECC yenyewe ilikutana na jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilipotoa Freedom!, mchezo uliofuata kanuni za kaka yake, ila mchezaji sasa alikuwa mtumwa anayetoroka kwenda kaskazini. Nia ilikuwa njema. Wazazi Wamarekani Weusi walilalamika kwamba mateso ya mababu zao yamefanywa pumbao la darasani, na mchezo ukaondolewa madukani muda mfupi baada ya kutoka. Si vigumu kuona kasoro ilikuwa wapi. Kanuni zilizotungwa kwa ajili ya kupima unga na risasi zilipewa kazi ya kupima utu, nazo hazikuiweza. Mwaka 2019 ulitoka When Rivers Were Trails, uliosimamiwa na Elizabeth LaPensée, ambamo mchezaji ni Mwanishinaabe anayefukuzwa katika ardhi yake ya Minnesota katika miaka ya 1890 na kuelekea California. Njia ni ya magharibi vilevile. Ila waliotunga kanuni zake, na waandishi wengi waliochangia hadithi zake, walikuwa watu wa mataifa ya asili.

Nageukia mashindano, na kwayo lazima tuvuke bahari hadi Korea ya Kusini, maana ndiko yalikopata ukubwa wake. Baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 1997 wengi walipoteza kazi, na baadhi yao walifungua vyumba vya kukodisha kompyuta, vinavyoitwa huko PC bang. Serikali nayo ilikuwa ikitandaza intaneti ya kasi nchini. Mwaka 1998 kampuni ya Blizzard ya Marekani ilitoa StarCraft, mchezo wa kujenga majeshi na kupigana, na vyumba vile vikajaa. Mwaka 2000 kikaundwa chama cha kusimamia mashindano, na vituo vya televisheni vikaonyesha michezo hiyo usiku na mchana. Wachezaji walikaa pamoja katika nyumba za mazoezi, na walio bora walizidisha vitendo mia tatu kwa dakika kwa vidole vyao. Mwaka 2007 hata jeshi la anga la nchi hiyo likaunda timu yake, ili wachezaji wanaotumikia jeshi wasipoteze ustadi wao.

Ustadi huo usidharauliwe. Ulidai kuhesabu mali na wakati kwa pamoja, kupeleleza, na kukisia mpango wa adui kutokana na dalili ndogo. Lakini ulidai maisha mazima, na kwa kawaida uliyarudisha yakiwa na miaka ishirini na kitu, bila cheti wala kazi ya pili. Serikali iliyosaidia kuyakuza mashindano ilitunga mwaka 2011 sheria ya kuwazuia walio chini ya miaka 16 kucheza katika intaneti kati ya saa sita za usiku na saa kumi na mbili za asubuhi. Sheria hiyo iliondolewa mwanzoni mwa mwaka 2022, baada ya vijana kuhamia simu za mkononi, ambazo haikuzigusa. Na mwaka 2010 ilifichuliwa kwamba wachezaji kadhaa, mmoja wao akiwa bingwa aliyeshangiliwa nchi nzima, walikuwa wakipoteza michezo kwa makusudi kwa faida ya wacheza kamari. Walifungiwa maisha. Wengi wameandika juu ya aibu hiyo kama habari ya tamaa, na ni kweli. Mimi naona pia kwamba mtu wa tatu alikuwa ameandika kanuni ya pili juu ya ile ya kwanza, na katika kanuni hiyo aliyeshindwa ndiye aliyelipwa.

Mwaka 2014 mchezo ulirudi Illinois kwa mlango wa mbele. Chuo Kikuu cha Robert Morris cha Chicago kilitangaza ufadhili wa masomo kwa wanafunzi watakaochezea timu yake ya League of Legends, kama wanavyofadhiliwa wanamiguu na wacheza mpira wa kikapu. Vyuo vingine vingi vikafuata. Katika jimbo lile ambalo wasimamizi wa PLATO walifuta pango la Rutherford, mchezaji sasa alipewa ada, chumba cha mazoezi na kocha. Magazeti yaliandika kwamba hatimaye mchezo umepata heshima ya elimu.

Hayo ni kweli kwa upande mmoja. Kwa upande mwingine tofauti ni kubwa, nayo haikutajwa sana. Mwanafunzi wa mwaka 1975 aliyechoka na Empire aliweza kuandika wake. Silas Warner alifanya hivyo hasa, akatoa mchezo mwingine kutokana na ule wa Daleske, na mtambo uleule wa masomo ukampa lugha ya kuuandikia. Mchezaji na mtunga kanuni walikuwa mtu mmoja, au walikuwa majirani waliogombana usiku na kukutana asubuhi darasani. League of Legends ni mali ya kampuni moja, Riot Games, na kanuni zake zimefungwa. Kampuni huzigeuza takriban kila majuma mawili: huyu apunguziwe nguvu, yule aongezewe. Kocha wa Chicago alisoma tangazo la mabadiliko kama walivyolisoma wachezaji wengine wote duniani, akawaita vijana wake, nao wakaanza mazoezi upya.